Msalaba wa Uwanja wa Kanisa Uliopasuliwa na Kutu: Uchambuzi wa Kisa cha Parokia Moja ya Somerset

Kisa hiki kilitokea katika parokia ya kijijini ya Kanisa la Uingereza, mkoa wa Somerset, kusini-magharibi mwa nchi hiyo. Majina ya kijiji, kanisa na watu yameondolewa, na vipimo ni vya kukadiria. Kinahusu msalaba wa mawe wa karne ya 15 uliosimama katikati ya makaburi ya kanisa, ufa uliotokea juu ya nguzo yake, na jinsi watu wenye nia njema walivyokaribia kuumaliza kabla hawajaunusuru.

Msalaba wenyewe

Msalaba wa namna hii una sehemu nne. Chini kuna ngazi, mara nyingi tatu au zaidi, zenye pande nne au nane. Juu ya ngazi linakaa jiwe la kitako lenye tundu katikati. Nguzo husimikwa ndani ya tundu hilo, na mara nyingi nafasi inayobaki pembeni hujazwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Juu kabisa ni kichwa, ambacho zamani kilichongwa sanamu: Kristo msalabani upande mmoja, Bikira Maria na Mtoto upande wa pili.

Msalaba wa kisa hiki una ngazi tatu za pembe nane, na ngazi ya chini ina upana wa mita 3.2. Jiwe la kitako lina sentimita 85 kila upande na kimo cha sentimita 55. Nguzo ni jiwe moja la mita 2.4, mraba wa sentimita 34 mguuni, kisha linakatwa pembe na kuwa na pande nane hadi upana wa sentimita 24 juu. Mawe yote ni mawe ya chokaa kutoka Doulting, kijiji cha Somerset chenye machimbo ya mawe. Uzito wa nguzo pekee ni karibu kilo 400.

Kuna jambo asiloliona mtu anayeutazama kwa nje. Ngazi zile si mawe matupu. Mawe yaliyochongwa ni ganda tu. Ndani mna kifusi, udongo na chokaa ya zamani. Maji yakiingia kupitia viungo vya mawe hukaa humo, na wakati wa baridi kali yanaganda, yanavimba na kuyasukuma mawe nje. Anayeelewa hilo ameelewa nusu ya magonjwa ya misalaba hii.

Kazi yake katika maisha ya parokia

Watu wengi wa leo huuona msalaba wa uwanjani kama pambo, au kama kaburi la mtu mkubwa aliyesahaulika. Haukuwa hivyo. Ulikuwa kifaa cha ibada, na siku yake kubwa ilikuwa Jumapili ya Matawi.

Kwa utaratibu wa liturujia wa Salisbury, uliofuatwa sehemu kubwa ya Uingereza kabla ya Matengenezo ya Kanisa, siku hiyo matawi yalibarikiwa ndani ya kanisa, kisha waumini wakatoka nje kwa maandamano nyuma ya msalaba. Mitende haimei katika nchi ile, kwa hiyo watu walibeba matawi ya mierebi na ya miti mingine ya kwao. Maandamano yalisimama kwenye msalaba wa mawe, na hapo ikasomwa Injili ya Yesu kuingia Yerusalemu. Wakati huo maandamano ya pili yalitoka kanisani yakiwa na Ekaristi Takatifu. Makundi mawili yakakutana, watu wakapiga magoti ardhini, wakaimba. Ndiyo sababu nyaraka za zamani za parokia mara nyingi huuita msalaba huo kwa jina la matawi. Baadhi ya misalaba, ukiwemo huu, ina kijidirisha kilichochimbwa katika jiwe la kitako, nacho huhusishwa na ibada hiyohiyo.

Kazi ya pili ilihusu wafu. Mkulima wa karne ya 15 hakuwekewa jiwe lenye jina lake. Alizikwa kwa sanda, na baada ya miaka ardhi ileile ikafukuliwa kumpokea mwingine. Mawe ya kaburi ya watu wa kawaida yalianza kuenea karne ya 17. Kwa hiyo msalaba mmoja ulikuwa alama ya wote waliolala pale, tajiri kwa maskini, na wapo walioacha wosia wazikwe karibu nao.

Zaidi ya hayo, ngazi zake zilikuwa mimbari ya mhubiri wa nje, mahali pa kutolea matangazo na pa kulipana madeni mbele ya mashahidi. Hata biashara ilifanyika uwanjani, kiasi kwamba sheria ya Winchester ya mwaka 1285 ilipiga marufuku magulio na masoko katika viwanja vya makanisa.

Yaliyoupata kabla ya kisa

Kama ilivyo misalaba mingi ya Uingereza, huu ulipoteza kichwa chake. Agizo la Bunge la Agosti 1643 liliamuru misalaba na sanamu ziondolewe makanisani na viwanjani mwake. Mingi ilikatwa vichwa na nguzo ikaachwa. Mingine baadaye ikawekewa saa ya jua juu. Huu ulibaki kisiki cha nguzo kwa zaidi ya karne mbili na nusu.

Mwaka 1920 kijiji kilichanga fedha na kuugeuza kumbukumbu ya vijana wake waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwashi alichonga kichwa kipya, msalaba wa kawaida wenye uzito wa karibu kilo 120, akaufunga juu ya nguzo kwa pini ya chuma ya milimita 25 iliyozama sentimita 30 ndani ya jiwe, akamimina saruji. Majina yalichongwa kwenye uso wa ngazi ya juu, upande wa kusini. Katika miaka ya 1960 mtu mwingine alizipiga ngazi mbili za chini lipu ya saruji ya milimita 20 ili kuzuia mawe yasiendelee kumomonyoka, na akaziba kijidirisha kwa saruji hiyohiyo.

Kuhusu nani anautunza msalaba, kulikuwa na utata wa miaka mingi. Uwanja ulikuwa umefungwa rasmi kwa mazishi, na katika hali hiyo sheria ya 1972 huruhusu baraza la kanisa kukabidhi matunzo kwa halmashauri. Halmashauri ya kijiji ilikata majani na kutengeneza ukuta. Wakati huohuo sheria ya 1923 inairuhusu halmashauri kutumia fedha kwa kumbukumbu za vita, lakini haiilazimishi. Matokeo yake baraza la kanisa liliamini msalaba ni wa halmashauri kwa kuwa ni kumbukumbu ya vita, nayo halmashauri iliamini ni wa kanisa kwa kuwa ni msalaba. Msanifu majengo anayekagua kanisa kila baada ya miaka mitano aliandika katika ripoti mbili mfululizo: “viungo vya msalaba vikaguliwe.” Hakuna aliyejiona kuwa ndiye anayeambiwa.

Mfululizo wa matukio

Mwezi Januari mzee wa kanisa aliokota kipande cha jiwe chenye ukubwa wa kiganja kwenye ngazi ya juu. Alipotazama aliona ufa wa wima ukishuka kutoka chini ya kichwa kwa sentimita 45 hivi, na michirizi ya rangi ya kutu pembeni yake.

Wiki mbili baadaye muumini mmoja, fundi mstaafu wa nyumba, alipanda ngazi ya kuegemeza na kuujaza ufa kwa saruji. Hakumwambia mtu. Alitaka kuisaidia parokia yake, na kwa ukuta wa matofali nyumbani kwake kazi ile ingefaa. Hapa ilikuwa na makosa mawili. La kwanza ni la kisheria: msalaba umesajiliwa kama mnara wa kale, yaani kitu cha kihistoria kinacholindwa na serikali, chini ya sheria ya 1979, na kufanya kazi yoyote bila kibali ni kosa la jinai. La pili ni la jiwe lenyewe. Ufa ulikuwa pia njia ya maji kutoka; sasa maji yaliyoingia kwa juu yalibaki karibu na chuma, na kutu ikaongeza kasi.

Mwanzoni mwa Machi ufa ulikuwa umepanuka hadi milimita 4 na saruji mpya ilikuwa imebanduka upande mmoja. Hapo mzee wa kanisa alifanya kile ambacho, kwa maoni yetu, kiliokoa mengine yote. Kabla ya kumpigia mtu yeyote simu alizungushia uzio wa mita 5 kutoka katikati ya msalaba, kipimo kinachozidi kidogo kimo chake chote. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa na kawaida ya kukaa kwenye ngazi zile baada ya ibada.

Kisha alimwarifu shemasi mkuu wa eneo, msanifu wa kanisa, na ofisi ya Historic England inayosimamia minara ya kale. Ushauri ulikuwa mmoja: fungeni kichwa na nguzo kwa muda, msiguse kingine. Sheria inaruhusu kazi ya dharura kwa ajili ya usalama bila kungoja kibali, mradi iwe ile ya lazima tu na taarifa ya maandishi ipelekwe mapema iwezekanavyo. Mwashi aliweka vipande vya mbao vilivyofungwa sponji pande zote nane za nguzo, akazungusha mikanda miwili ya kukaza juu ya mbao hizo, akaikaza kwa mkono tu. Mikanda ikishika jiwe moja kwa moja huchubua kingo zake, na ikikazwa kwa nguvu hupasua kile kinachotakiwa kuzuiwa kisipasuke.

Uchunguzi ulichukua siku mbili. Nguzo ilipimwa kwa timazi: ilikuwa imeinama milimita 40 kuelekea kusini. Picha ya mwaka 1920 ilionyesha mwinamo uleule, kwa hiyo haukuwa mpya. Jiwe liligongwa kwa vifundo vya vidole kutoka juu hadi chini. Sauti ya utupu ilisikika sehemu ya juu ya nguzo tu. Sumaku ndogo ilithibitisha chuma kilipo. Kijana mmoja alijitolea kuleta mashine ya kutafutia metali ili wajue kama kuna vibanio vingine chini ya ngazi. Alikataliwa kwa heshima, maana kutumia mashine hiyo kwenye mnara uliosajiliwa kunahitaji ruhusa ya maandishi peke yake. Likeni zote, yaani viumbe vinavyoota kama ukoko juu ya mawe, zilichorwa kwenye ramani ya kila uso wa jiwe. Viwanja vya makanisa ni makao ya mamia ya spishi za likeni, nyingine zikiwa zimekaa juu ya jiwe lilelile kwa karne nyingi.

Ugonjwa ukawa wazi. Pini ya 1920 ilikuwa inashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Kwenye ngazi, lipu ya saruji ilizuia unyevu usitoke, mawe nyuma yake yakawa unga, na mawe mawili ya ngazi ya kati yalikuwa yamesukumwa nje kwa milimita 25.

Mabishano juu ya kichwa

Mkutano wa parokia ulipoitishwa, swali lililoshika watu halikuwa kutu wala maji. Lilikuwa kichwa. Kundi moja lilisema: kwa kuwa cha 1920 lazima kishushwe, tusikirudishe, tuchonge kingine cha mtindo wa zama za kati, chenye sanamu. Walitoa mfano wa Ampney Crucis huko Gloucestershire, ambako kichwa cha kale kilipatikana karne ya 19 kikiwa kimefichwa ndani ya ukuta wa kanisa, kikarudishwa juu ya nguzo. Kundi la pili lilitaka kisiki kibaki wazi, kama ushahidi wa yaliyotendeka karne ya 17. La tatu, wengi wao wakiwa wa familia zilizo na jina kwenye ngazi, liliomba kila kitu kirudi kilivyokuwa.

Uamuzi ulikuwa kurudisha kichwa cha 1920, na sababu zake zilikuwa nzito. Ampney Crucis walikuwa na kichwa halisi mkononi. Hapa hapakuwa na kipande wala mchoro wowote wa kile cha kale, na kuchonga kingine kungekuwa kubuni. Pili, mnara uliosajiliwa hulindwa pamoja na historia yake yote, na mwaka 1920 ni sehemu ya historia hiyo sawasawa na 1643. Tatu, fedha za kichwa kile zilitoka mifukoni mwa wazazi waliofiwa. Padri aliliweka wazi jambo hilo mkutanoni, na kundi la kwanza likakubali.

Lakini mjadala uliwachukua miezi mitatu. Wakati huo wote maji yaliendelea kuingia, na vibali havikuombwa kwa sababu hakuna aliyejua waombe kibali cha nini. Hapa parokia ilipoteza msimu.

Vibali viwili

Parokia nyingi hukosea hapa. Kanisa la Uingereza lina msamaha wa kisheria: kwa majengo yake yaliyoorodheshwa halihitaji kibali cha serikali ya mtaa, bali hutumia mfumo wake wenyewe wa kibali cha kanisa kinachotolewa na chansela wa dayosisi, ambaye ni jaji wa mahakama ya kanisa. Msamaha huo hauhusu minara ya kale iliyosajiliwa. Msalaba uliosajiliwa unahitaji vyote viwili: kibali cha serikali, ambacho maombi yake hupitia Historic England na hayalipiwi ada, pamoja na kibali cha kanisa.

Baraza liliandika maelezo ya thamani ya msalaba na maelezo ya hitaji, likaambatisha mchoro wa kila jiwe kwa kipimo cha 1:10, na mpango wa kazi wa mwashi unaotaja hata ujazo wa chokaa na mchanga. Kamati ya ushauri ya dayosisi ilipitia, tangazo likabandikwa ndani na nje ya kanisa kwa siku 28, na pingamizi halikuwepo. Kibali cha serikali kilikuja na sharti moja ambalo halikuwa kwenye bajeti: mwanaakiolojia awepo kila mawe ya ngazi yanapoinuliwa. Kumpata na kumlipa kulisogeza kazi kutoka Julai hadi katikati ya Septemba.

Kazi ya mawe

Jukwaa la mabomba lilijengwa likijitegemea, bila kugusa msalaba. Kichwa kilivikwa mikanda laini na kuinuliwa kwa winchi ya mnyororo sentimita chache kwa wakati. Pini haikuvutwa. Kuvuta chuma kilichovimba ndani ya jiwe ni njia ya hakika ya kulipasua jiwe lote, kwa hiyo mwashi alitoboa kuzunguka pini kwa keekee ya almasi yenye uwazi ndani ya milimita 52, kwa maji machache, hadi sentimita 30, na pini ikatoka pamoja na saruji yake kama mche mmoja.

Ufa ulisafishwa kwa maji kidogo kwa sindano. Pini mbili nyembamba za milimita 6, za chuma kisichoshika kutu daraja la 316, zilipitishwa kimshazari kuvuka ufa, kila moja sentimita 12. Uji mwepesi wa chokaa ulisukumwa ndani kutoka chini kwenda juu, maana ukijaza kutoka juu hewa hunaswa na tundu linabaki. Pini mpya ya kichwa ina unene wa milimita 16, sentimita 20 ndani ya nguzo na 15 ndani ya kichwa. Kati ya mawe mawili yaliwekwa vipande vinne vya risasi vyenye unene wa milimita 3, vibebe uzito hadi chokaa ikomae.

Kwenye ngazi lipu ya miaka ya 1960 ilitolewa kwa patasi nyembamba na nyundo ndogo. Mashine ya kukata haikuruhusiwa kabisa. Ikiteleza mara moja huacha mkato ambao hautafutika. Sehemu nyingi lipu ilitoka yenyewe kwa kuwa jiwe nyuma lilikuwa unga. Penye saruji iliyong'ang'ania kiasi cha kutaka kuondoka na jiwe, iliachwa. Jiwe moja tu lilibadilishwa, kwa jiwe jipya la Doulting. Mengine mawili yaliyopoteza sentimita 3 hadi 4 za uso yalibaki, kwa kuwa bado yanabeba. Kijidirisha kilifunguliwa, na ndani hapakuwa na kitu ila saruji.

Mawe mawili yaliyosukumwa yalipewa namba kwa chaki na kuinuliwa. Mizizi ilitolewa, kifusi kilisafishwa kina cha sentimita 20 na si zaidi. Mwanaakiolojia alikuta vipande vya mifupa ya binadamu vilivyochanganyika na udongo, jambo la kawaida katika uwanja uliozikiwa tena na tena. Padri aliizika palepale jioni ileile kwa sala fupi.

Viungo vilijazwa kwa chokaa asilia inayokomaa kwa maji, daraja 3.5, kipimo kimoja cha chokaa kwa viwili na nusu vya mchanga mkali wenye punje za ukubwa mbalimbali, sehemu ya mchanga ikiwa unga wa jiwe lenyewe ili rangi ioane. Kiungo kilifukuliwa kina cha angalau mara mbili ya upana wake, kikaloweshwa, kikashindiliwa kwa chuma chembamba kwa tabaka, kisha kikafunikwa gunia bichi kwa siku saba. Nguzo haikunyooshwa. Mwinamo ambao haujasogea kwa miaka mia si ugonjwa, na kuunyoosha kungevunja risasi ya karne ya 15 iliyoko tunduni.

Matokeo

Kichwa kimeshika. Vipimo vya ufa vilivyochukuliwa kila miezi mitatu kwa mwaka na nusu havijabadilika, na timazi bado inasoma milimita 40. Unyevu wa ngazi ya kati umepungua kwa kuonekana: rangi ya kijani iliyokuwa ikitambaa upande wa mashariki imekauka.

Kilichoshindwa ni viungo vya upande wa kaskazini. Vilijazwa wiki ya mwisho ya Oktoba. Chokaa ya namna hii isitumike joto likiwa chini ya nyuzi 5, na inahitaji wiki kadhaa kabla ya kukutana na barafu. Baridi ilishuka usiku wa nne. Kufikia Februari karibu theluthi ya viungo vya upande huo ilikuwa inabomoka kwa kidole, na mwashi alivirudia mwezi Mei.

Jumapili ya Matawi iliyofuata, parokia iliamua kuanzia ibada kwenye msalaba badala ya langoni. Injili ilisomwa kwenye ngazi ya kwanza, na watu wakasimama kuuzunguka.

Uchambuzi

Jambo lililofanya kazi kuliko yote ni uzio. Ulipatikana kwa gharama ya vigingi na kamba, ukaondoa hofu ya mtoto kuangukiwa na jiwe la kilo 120, na hofu ilipoondoka watu wakaweza kufikiri. Parokia isiyoweka uzio hulazimika kuamua haraka, na uamuzi wa haraka kwenye mawe ya kale karibu kila mara huwa saruji.

La pili ni kutenganisha swali la maji na swali la sura, ingawa walichelewa kulifanya. Pini ilipaswa kutoka vyovyote ambavyo wangeamua juu ya kichwa. Ombi la kibali cha kutoa pini na kukarabati ngazi lingeweza kupelekwa Machi, na mjadala wa kichwa ukaendelea pembeni. Wangefanya hivyo, kazi ya chokaa ingeangukia Juni na viungo vya kaskazini vingekomaa kabla ya baridi. Kwa hiyo chanzo cha viungo kubomoka si mwashi wa Oktoba. Ni mpangilio wa maamuzi wa Machi. Mwashi naye alipaswa kukataa kuanza upande wa kaskazini wiki ile na kuufunika hadi Aprili. Mkataba haukumpa nafasi hiyo, kwa sababu jukwaa lilikuwa likilipiwa kwa wiki. Tarehe ya mwisho ya kazi ya chokaa inafaa iandikwe ndani ya mkataba, na kwa hali ya hewa ya Somerset tungeiweka mwisho wa Septemba.

Kuhusu saruji, ubaya wake hapa si udhaifu bali ni ugumu wake. Jiwe laini la chokaa hupumua unyevu kupitia viungo vyake. Kiungo kikiwa kigumu kuliko jiwe, unyevu hutoka kupitia jiwe, na jiwe ndilo linaloliwa. Mafundi wa pwani ya Afrika Mashariki wanalijua hili vizuri kutokana na nyumba za matumbawe na chokaa za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa imeleta uharibifu wa aina ileile, ingawa kule ni chumvi na joto badala ya barafu. Kanuni ni moja: kiungo kiwe laini kuliko jiwe, kife kwanza, kibadilishwe.

Fundi mstaafu hakushtakiwa. Shemasi mkuu alimtembelea, akamweleza, na baadaye yeye ndiye aliyekuwa akilowesha magunia kila asubuhi. Lawama zaidi ni za ukimya. Katika uwanja mzima hapakuwa na kibao, wala katika daftari la wazee wa kanisa hapakuwa na mstari, unaosema msalaba huu umesajiliwa na usiguswe bila kuuliza. Sasa mstari huo upo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na baraza na halmashauri zimeandikiana barua: kanisa linakagua na kuomba vibali, halmashauri inachangia fedha za matunzo.

Kurudisha ibada ya Matawi kwenye msalaba kulionekana kama jambo la moyo tu, lakini kuna faida yake ya kiufundi. Kila mwaka, mwishoni mwa baridi, wakati ambapo madhara ya barafu huonekana, watu wazima wengi husimama mita mbili kutoka kwenye viungo vile kwa robo saa. Ni mmoja wa waumini hao, si mtaalamu, aliyegundua siku hiyo kwamba kiungo kimoja cha kaskazini kilikuwa wazi hadi ndani.

Majina ya waliokufa vitani ndiyo sehemu iliyoshughulikiwa vibaya. Yapo kwenye ngazi ya juu, ambayo haikuwa na lipu, hivyo mpango wa kazi haukuyataja. Familia ziliposikia msalaba unakarabatiwa zilidhani herufi zitachongwa upya, na zilipoona jukwaa linashushwa na herufi bado zimefifia ziliumia. Mwashi ana hoja: kuchonga upya kunakata milimita 2 hadi 3 za jiwe lililobaki, na baada ya mara mbili hakuna uso wa kuchonga. Lakini hoja hiyo ilipaswa kuelezwa kwa familia kabla ya kazi, sio baada yake. Herufi zimepigwa picha kwa mwanga wa pembeni, ambao huonyesha hata mikato iliyofifia, na kila jina limesomeka. Ombi la kibali cha ubao wa majina ndani ya kanisa, karibu na mlango wa kusini, limekwisha kupelekwa kwa chansela, na safari hii familia zilisoma rasimu kabla haijatumwa.